Ndugu wa Tatu

Ramaro alikuwa akihubiri habari za upendo kuliko mtu yeyote kambini kwetu, na ndizo zilizomponza.

Hakuwa mchungaji wa kanisa. Mchungaji wa kanisa ana mshahara na pikipiki. Ramaro alikuwa mlezi, maana ndivyo tunavyowaita watu waliowekewa mikono na kuvishwa kanzu nyeupe ili wawapokee wagonjwa wa akili majumbani mwao. Katika kambi hii yetu ya vilima vya Betsileo, kila nyumba ya mlezi ina mgonjwa wake. Analala humo, anakula chungu kimoja na wenyeji, anakemewa na kutaniwa kama wengine. Malipo hakuna. Anayetaka malipo aende mjini akaombe kazi ya ulinzi.

Mgonjwa wa nyumba ya Ramaro aliitwa Mahefa. Aliletwa na wajomba zake nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe, mnyororo miguuni, na wajomba hawakungoja hata kunywa maji. Ramaro aliukata mnyororo ule kwa msumeno pale uani, sisi majirani tukitazama kwa mbali, maana imani tunayo lakini na miguu ya kukimbilia tunayo pia. Mahefa alipokuwa huru alikaa chini akalia, na Ramaro akakaa naye hapo chini mpaka alipomaliza.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa nyumba ile. Siku nyingine alikuwa mzima kama wewe na mimi, akateka maji, akapalilia mpunga, akaimba sauti ya nne kwenye kwaya. Siku nyingine alikaa na watu aliowaita "wale wa juu," waliokuwa wakizungumza kichwani mwake. Siku hizo ole wako uache viatu mlangoni. Alivikusanya vyote, akavifua kwa sabuni na kuvianika juani, vya ngozi na vya plastiki bila ubaguzi. Mchungaji wetu amewahi kurudi nyumbani pekupeku, kanzu imekunjwa juu ya magoti.

Basi mwaka huo, baridi ikiwa imeshika vilima, Haingo binti Ramaro akapata mchumba. Mchumba aliitwa Njaka, mwalimu wa mjini, kijana mpole mwenye miwani. Siku ya posa ikapangwa Jumamosi.

"Mama, Jumamosi Mahefa atakuwa wapi?" Haingo aliuliza.

Jorjina, mama yake, alikuwa akichambua mchele dirishani. "Atakuwa wapi tena? Hapa."

"Hapa wapi? Sebuleni?"

"Kwani ana sebule nyingine?"

Haingo akakaa kwenye kigoda, akachukua kiganja cha mchele, akawa anauchambua bila kuutazama. "Mama yake Njaka hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kambi yetu ni ya nini. Njaka alimwambia ni kambi ya kanisa. Yeye anadhani ni kambi ya kwaya."

Jorjina aliangua kicheko mpaka mchele ukamwagika. Kisha akaona binti yake hacheki, naye akaacha.

"Unajua mchumba wa kwanza wa Njaka aliachwa kwa nini?" Haingo akasema. "Shangazi yake alikuwa na kifafa. Shangazi, mama. Si yeye. Huyo mama yake Njaka, Madamu Olga, alisikia sokoni, akarudisha habari kwamba mwanawe bado mdogo, hajafikiria kuoa. Mdogo, na ndevu zile! Sasa aje hapa, akae, Mahefa amwambie wale wa juu wamesema hivi na vile. Ataniacha nikiwa nimeshika sinia."

"Njaka mwenyewe anasemaje?"

"Njaka anampenda Mahefa. Ila anamwogopa mama yake."

Jorjina akauokota mchele wake punje kwa punje. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mlezi kwa miaka mingi, na alijua ombi hili litafika kwenye mlango gani. "Kamwambie baba yako," alisema. "Mimi sina la kusema."

Ramaro alikuwa karakanani, chini ya paa la nyasi nyuma ya nyumba, akipiga randa ubao wa mlango wa mtu. Haingo alisimama karibu naye, maranda yakimwangukia miguuni.

"Baba, naomba Jumamosi Mahefa asiwepo."

Randa ikasimama. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Siku niliyowekewa mikono," Ramaro alianza, na Haingo akajua wimbo unaokuja, "niliulizwa mbele ya watu kama nitamhesabu kila atakayeletwa kwangu kuwa mtoto wangu wa kumzaa. Nikajibu ndiyo."

"Na mimi uliniuliza?"

Ramaro akamtazama.

"Nilikuwa mtoto mdogo, baba. Chumba changu akapewa yule mama aliyekuwa akipiga mayowe. Nikalala jikoni. Gauni langu la Krismasi akapewa mgonjwa kwa sababu alikuja uchi. Shuleni waliniita mtoto wa nyumba ya vichaa, nikapigana nao mpaka nikachoka. Sijalalamika. Nawapenda. Mahefa ninamkata kucha mimi mwenyewe, maana wewe ulimuumiza, hakukubali tena. Lakini kila Jumatano nakusikiliza ukifundisha kwamba upendo ni kumtanguliza mwenzako. Sawa. Mimi lini nitakuwa mwenzako?"

Aliyasema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana yalimchoma. Ramaro alikuwa na majibu ya wagonjwa, ya wachungaji, hata ya ofisa wa afya aliyekuja kumhoji kama ana cheti. Jibu la binti yake hakuwa nalo. Alimpenda Haingo kwa mapenzi ambayo hajawahi kuyatolea mahubiri, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba kila alichowagawia watu alikitoa mfukoni mwa mtoto huyu.

"Siku moja tu," Haingo alisema. Sasa alikuwa analia. "Siku moja ya kwangu."

"Haya," Ramaro akasema. "Siku moja."

Alianza kuzunguka kwa walezi wenzake. Kwangu alikuja kwanza, nikamwambia ukweli, kwamba nina mgonjwa mpya anayerusha masufuria na siwezi kuwaweka wawili. Kwingine hivyo hivyo. Halafu kulikuwa na tatizo jingine ambalo wote tulilijua. Mahefa ukimpeleka popote, akishamaliza kusalimia watu, anarudi kwao. Na kwao ni kwa Ramaro. Labda umfungie.

Jumamosi asubuhi Mahefa aliamka kabla ya wote, akanawa, akavaa shati jeupe ambalo Jorjina alikuwa amemnyoshea kabla hayo maneno hayajaanza. Wiki nzima alikuwa akifanya mazoezi ya kusalimia wageni, mkono wa kushoto ukishika kifundo cha mkono wa kulia, kama anavyofanya mtu mwenye adabu zake. Aliisalimia miti, akamsalimia mbuzi, akanisalimia mimi mara nyingi kupita kiasi.

Ramaro akamwita nyuma ya nyumba. Ghala la mpunga lilikuwa wazi, limefagiliwa, mkeka umetandikwa, blanketi juu yake. Jorjina alikuwa ameweka sahani ya wali iliyofunikwa, na ndani yake kipande kinono kuliko vyote vilivyokuwa chunguni, akidhani kipande cha nyama kinaweza kusema asichoweza kusema yeye.

"Leo utakaa huku kidogo," Ramaro alisema.

Mahefa akachungulia ndani. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Viatu sitavigusa. Nimewaambia na wale wa juu, wamekubali."

"Si mambo ya viatu, Mahefa."

"Sasa ni mambo gani?"

Ramaro, fundi wa maneno, aliinama kunyoosha mkeka uliokwisha kunyooka. Haingo ndiye aliyejibu nyuma yake, nywele zimesukwa nusu.

"Wageni wanaogopa, kaka Mahefa. Ni leo tu."

"Wananiogopa mimi?"

"Hawakujui."

"Si ndiyo waje wanijue," Mahefa alisema, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mtoto. Alimtazama Haingo, akamtazama baba, kisha akavua viatu vyake, akaingia akakaa mkekani akiwapa mgongo.

Ramaro akaurudisha mlango na kusukuma komeo. Mahefa hakupiga kelele. Angepiga kelele wangekuwa na neno la kumkemea, na moyo ungepata nafuu.

Wageni walifika kwa gari la kukodi, wamejifunga mabegani mashuka ya heshima ya siku za sherehe, na Madamu Olga akashuka wa mwisho. Alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa, mnene, mnadhifu, juu ya kichwa chake kofia ya majani iliyofumwa kwa ustadi na kufungwa utepe wa zambarau. Aliitazama nyumba ya tofali, akatazama ngazi, akavuta pumzi.

"Kwaya iko wapi?" aliuliza.

"Leo wamepumzika, mama," Njaka alijibu, akafuta miwani.

Tulipanda sebuleni. Wazee wa upande wa binti walikaa pembe ya heshima, wageni upande wa pili, Madamu Olga kwenye kiti pekee chenye mito. Mimi nilikuwa karibu na mlango, maana jirani ni jirani. Kisha wasemaji wakaanza. Kwetu posa haisemwi na mwenye posa. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao kwanza huomba radhi kwa wakubwa, kwa wadogo, kwa walio hai na waliolala, kwa kuthubutu kufungua mdomo, na wakimaliza kuomba radhi huomba radhi kwa kuchukua muda mrefu kuomba radhi. Msemaji wa Njaka alikuwa mjomba wake, mzee mwembamba mwenye sauti tamu. Wetu alikuwa Rajao, kaka yake Jorjina, ambaye hupenda sana kazi hiyo kwa sababu nyumbani kwake hapewi nafasi ya kusema.

Mambo yalikwenda vizuri. Bahasha ya heshima ya wazazi, ile tunayoiita kiuno cha kondoo ingawa siku hizi kondoo mwenyewe haonekani, ilitolewa na kupokelewa. Kisha mjomba akauliza swali ambalo huulizwa kila posa.

"Na ndugu za binti je? Hatutaki kumchukua dada yao wakiwa wamenuna nyuma ya mlango. Ni wangapi, na wako hapa wote?"

Ni swali la desturi. Jibu lake hutoka lenyewe, na ndugu hupewa chochote ili wamwachie dada yao kwa roho nyeupe. Lakini niliona Ramaro akiinamisha kichwa. Jorjina akamshika goti.

"Ni wawili," Rajao alijibu kwa madaha. "Wote wako mbele yenu, na hakuna mwingine."

Kaka zake Haingo wakasogea, wakapokea bahasha zao, wakarudi mahali pao huku wakijikuna shingo. Madamu Olga akatabasamu kwa mara ya kwanza. Haingo akapumua. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, baraka ya baba, halafu chakula.

Haingo na Njaka wakapiga magoti. Ramaro akasimama. Mikono yake ilijulikana kambi nzima. Imewekwa juu ya vichwa vya watu waliokuja wakibweka, waliokuja wakitaka kujirusha mtoni. Akainyoosha juu ya watoto wale, ikabaki hewani. Tulingoja. Nilidhani anatafuta neno la kuanzia.

"Mnisamehe," alisema. "Siwezi."

"Ramaro," Jorjina akanong'ona, "bariki watoto."

"Asubuhi hii mikono yangu imemfungia mtu ghalani. Mtu wa nyumba hii. Nikiwawekea watoto hawa nitakuwa nafanya maigizo."

"Mtu gani?" Madamu Olga aliuliza. "Mwizi?"

"Mwanangu," Ramaro alijibu. "Ni mgonjwa wa akili. Tulimficha ili wewe usimwone."

Rajao aliangalia dari kama mtu anayetafuta mahali paa linapovuja.

Haingo alikuwa bado amepiga magoti. Hasira ndiyo iliyomjia kwanza, hasira ya kweli, akatamani sakafu impokee. Hata leo. Hata leo baba ameshindwa. Kisha akainua macho, akaiona ile mikono iliyobaki hewani, na akaelewa kwamba baba yake alikuwa amempa alichokiomba, na kwamba kilikuwa kinamuua. Alimhurumia baba yake kuliko alivyojihurumia. Akainuka, akashika shuka lake jeupe lisimwangushe, akashuka ngazi.

Komeo lilikuwa limelegea, likakwama, akalipiga kwa kiganja. Mahefa alikuwa amekaa vile vile walivyomwacha.

"Wageni wameondoka?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado."

"Basi muda wangu bado."

"Nimekuja kukuita."

"Ulisema wanaogopa."

Haingo akachuchumaa kwenye mkeka, shuka lake jipya likaburuta mavumbi ya mpunga. "Nilikudanganya, kaka Mahefa. Wao hawakuwa wanaogopa, hawakujui. Aliyeogopa ni mimi. Nilikuonea haya. Nisamehe."

Mahefa alifikiri. Alipindisha kichwa kidogo, kama kawaida yake akisikiliza wale wa juu, kisha akatikisa mkono kuwanyamazisha. "Hili ni langu na wewe," alisema. "Unalia mpaka rangi ya macho inachuruzika. Futa. Nikisema neno baya kule?"

"Utakuwa umesema."

"Na akina Njaka wakikasirika?"

"Watakasirika," Haingo alisema, akamvuta mkono.

Alipoingia sebuleni, Mahefa alifanya alichokuwa amejifunza wiki nzima. Alianza kwa wazee, akazunguka, mkono wa kushoto ukishika kifundo cha kulia, akimsalimia kila mtu kwa zamu na kumuuliza habari za safari, mpaka sisi ambao hatukusafiri. Wageni walimpa vidole kama wanaogusa pasi ya moto. Akafika kwa Madamu Olga.

"Karibu sana, mama. Wale wa juu wanasema kofia yako ni nzuri," alisema. "Na mimi nasema ni nzuri. Leo tumekubaliana, jambo ambalo si la kawaida."

Madamu Olga hakumpa mkono. Alimgeukia mwanawe. "Njaka, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja mara ya kwanza. Alinifulia viatu."

"Ukaniambia ni kambi ya kwaya."

"Kwaya ipo pia, mama."

Mtu mmoja upande wetu akacheka puani, na nakiri sikuwa mbali naye. Madamu Olga akainuka, kofia ikayumba. "Nahitaji hewa," alisema, na upande wake wote ukashuka nyuma yake, bahasha ikiwa bado mezani.

Sisi tulibaki ndani. Harufu ya mchuzi ilitoka jikoni, mchuzi ambao Jorjina alikuwa ameupika kwa nyama ya kuazima huku na kule, na sasa hakuwa na wa kuula. Haingo alikaa karibu na Mahefa, ameushika mkono wake. Nilichungulia dirishani. Kuchungulia si vizuri, lakini mtu mmoja ilibidi.

"Gari lipo," mjomba alikuwa akisema kule uani. "Dada, tusijivunjie heshima. Nyumba imeficha mtu, itaficha na mengine."

"Mimi nimeficha pia, mjomba," Njaka alisema. "Kama ni kuondoka kwa sababu ya uongo, basi mniache na mimi hapa hapa."

Madamu Olga hakuwajibu. Alikuwa anatembea uani kwa hasira, mikono nyuma, kama anavyotembea dukani mteja akimrudishia kitambaa kilichokwisha kukatwa. Akafika kwenye ghala lililoachwa wazi. Akaingiza kichwa. Aliona mkeka, blanketi lililokunjwa vizuri, na ile sahani. Akaifunua. Wali haukuguswa, na juu yake kile kipande kinono, mafuta yameganda kwa baridi.

"Hakula," alisema.

"Nyumba hii hakuna anayekula peke yake, mama," Njaka akamjibu nyuma yake. "Angekulaje?"

Aliifunika sahani ile. Alikaa nayo mkononi, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa ghala, na mjomba alipomsemesha tena alimwambia anyamaze.

Walipopanda, mjomba alijikohoza kuanza upya maombi yake ya radhi. Madamu Olga akamshika bega akamketisha. Kwetu mwanamke hazungumzi posa msemaji akiwepo, na yule mzee alikohoa kwa nguvu zaidi kumkumbusha.

"Kohoa tu, kaka, tutakununulia dawa njiani," Madamu Olga alisema. Alikuwa bado ameshika ile sahani. "Nataka kuwauliza wenye nyumba. Mlinionaje mimi? Hamjawahi kula nami, hamjawahi kuamkia kwangu. Mkakaa mkapanga, mkasema huyu mama ni mtu ambaye akimwona mgonjwa atageuza gari. Ndivyo?"

Jorjina akaitikia kwa kichwa, analia.

"Mliniona sawasawa," Madamu Olga akasema, na sauti yake ikapasuka. "Ningegeuza. Pale pale njia panda, hata ngazi nisingepanda. Nilishamfanyia hivyo binti wa watu, na nikaenda kanisani Jumapili yake na kofia yangu. Linaloniuma ndilo hilo. Huyu kijana hajanikosea kitu. Mtu mpaka afungiwe ghalani kwa sababu mimi nakuja! Nimekuwa mtu wa namna hiyo tangu lini?"

Njaka akamsogelea, mama yake akamkataa kwa kiwiko. Alikuwa na hasira na mwanawe bado, na alikuwa na haki.

"Jambo la pili," alisema, akipangusa uso kwa ncha ya shuka. "Msemaji wenu aliulizwa ndugu ni wangapi. Akajibu wawili. Mkanifanya nije na bahasha pungufu, mimi mwenye duka. Nitasemwaje mjini? Huyu ndugu wa tatu nimpe nini?"

Rajao alisimama kuomba radhi, akakosa pa kuanzia, akakaa. Madamu Olga akampa Jorjina ile sahani, akafungua mkoba wake, akatoa noti bila kuchagua, akamfuata Mahefa alipokaa na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Mahefa aliiangalia. "Hii ni ya nini?"

"Ni desturi, kaka Mahefa," Haingo alimweleza. "Ndugu hupewa ili wakubali dada yao aondoke. Ukipokea, maana yake umeniruhusu."

Mahefa akapindisha kichwa, akasikiliza. "Wale wa juu wanasema nichukue," alitangaza, na sebule nzima ikacheka, hata yule mzee wa kukohoa. Yeye hakucheka. Aliusukuma mkono wa Madamu Olga taratibu, ukarudi alikotoka.

"Lakini mimi sitaki," alisema. "Haingo alikuja akanifungulia mlango, hakunidai kitu. Na yeye aende tu. Sidai."

Kicheko kilikatika. Haingo alijiinamia mapajani kwa Mahefa akalia kwa sauti, kama hakulia ghalani, kama hakulia karakanani. Madamu Olga alibaki ameshika noti yake mbele ya watu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukataliwa fedha. Kisha, kwa taabu, kwa sababu ya unene wake na magoti yake, alishuka akakaa mkekani pembeni mwa Mahefa. Kiti chenye mito kikabaki kitupu.

"Mzee Ramaro," alisema kutoka kule chini, "tunangoja."

Ramaro hakwenda kwa maharusi kwanza. Alipiga magoti mbele ya Mahefa, mtu mzima na mvi zake, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Mahefa alimwambia komeo lenyewe bovu, angetaka angelisukuma likafunguka, ila alihofia kumvunjia baba heshima. Akamsaidia kuinuka.

Ndipo Haingo na Njaka wakapiga magoti upya, na Ramaro akawawekea mikono. Tulikaa tayari kwa mahubiri. Mchuzi ungepoa, tulijua, lakini siku kama hiyo mtu huyo angehubiri habari za upendo mpaka jioni na tusingemlaumu. Hakusema neno. Midomo ilijaribu, machozi yakamshukia ndevuni, mikono ikabaki palepale juu ya vichwa vya watoto wale, imetulia, kwa muda mrefu sana.

Mwishowe Mahefa ndiye aliyesema amina, na sisi sote tukaitikia.